Mtaa Usiokohoa

Jua lilikuwa linazama tulipomaliza kukagua nyumba ya kwanza, mimi na mama mkwe. Mtaa ule ulikuwa balaa. Redio tatu kwa mpigo, foleni ya ndoo bombani, majirani wanaochungulia sufuria yako huku wakijifanya wanakusalimu. Mama mkwe akaupenda papo hapo.

"Hapa kuna watu, mwanangu."

Mimi ni fundi cherehani. Watu nilikuwa nimewachoka.

Dalali akatupeleka mtaa wa pili, ng'ambo ya reli. Kimya. Usafi mpaka unaogopa kukanyaga. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, kimoja chenye dirisha kubwa, na nikaiona cherehani yangu pale. Kisha nikakiona kitanda cha mama mkwe pale pale, na kikohozi chake. Mume wangu angempa mama yake chumba kile bila hata kuniuliza.

"Sikiliza," mama mkwe akaninong'oneza. "Mtaa mzima hakuna anayekohoa. Twende zetu."

Dirisha la jirani likafunguka kidogo. Ikatoka harufu... ya nguo iliyounguzwa na pasi. Kisha sauti ya kike, ya upole.

"Mko wangapi?"

Dalali akainamisha kichwa. "Jibu, mama," akaniambia taratibu. "Utakayemtaja ndiye atakayekuwepo."

Mama mkwe alikuwa amenishika mkono. Ningeweza kusema sikuelewa. Nilielewa.

"Wawili. Mimi na mume wangu."

Dirisha likafungwa. Mkono wangu ukawa mwepesi.

Sikugeuka.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anakula. "Mama yako..." nikaanza.

Akaacha kutafuna. "Mama yangu yupi? Si nilishakwambia nimelelewa na shangazi?"

Hakuwa anatania. Kwenye kamba, pale nilipoanika nguo za mama yake asubuhi, vilibaki vibanio tu.

Tukahamia. Ni mwaka sasa. Majuto ninayo, lakini nashona karibu na dirisha na kazi inaenda vizuri, sitasema uongo. Tatizo ni ukuta. Kila magharibi kinaanza humo ndani, nyuma ya cherehani... kikohozi kile kile... kikavu... cha mtu anayejizuia asisumbue.

Mume wangu hakisikii. Anachosikia yeye ni cherehani. Wiki nzima ananilalamikia kwamba kichwa kinamuuma, hapumziki, chumba kizuri nimekigeuza karakana.

Jioni hii amesimama nje, mlangoni. Nimesikia dirisha la jirani likifunguka. Nimeisikia ile harufu.

"Mko wangapi siku hizi?"

Nimekimbia mpaka sebuleni. Amegeuka, ameniangalia, kisha ameangalia chumba chenye dirisha nyuma yangu.

"Sema wawili," nimemnong'oneza. "Mume wangu, tafadhali. Sema wawili."

Ukutani, kikohozi kimenyamaza.

Mume wangu bado anafikiri.