Kilaza cha Ndahani

Mwendeshaji wa mbele alianguka kwenye kona, na Ndahani alikuwa anakuja nyuma yake kwa kasi ya kutisha. Kabla watazamaji hawajapiga ukelele, mkanda mwembamba uliofichwa chini ya koti lake ulikuwa umeshabana misuli ya mkono wake wa kulia, ukaachia mafuta, ukamsukuma kiuno upande wa kushoto. Pikipiki ikalala, ikaserereka naye mpaka kwenye ukuta wa sponji. Aliyeanguka akainuka mzima. Uwanja wote wa Dodoma ukasimama kumshangilia Ndahani.

Pikipiki za mbio hizi hazina breki. Sheria ndiyo inataka hivyo, maana ukisimama ghafla wa nyuma atakuingia mgongoni. Basi mwenzako akianguka mbele yako, adabu ya kazi ni kuilaza yako, uumie wewe yeye apone. Miaka hiyo kazi hiyo ilikuwa imeshakabidhiwa mashine. Mhandisi Atuganile, aliyeibuni, aliiita kihisi-anguko. Waendeshaji, watu wa utani, wakaiita kilaza, kwa sababu ililaza pikipiki, na kwa sababu zaidi ya hapo haikuwa na akili ya kitu chochote.

Karibu wote walivaa vilaza vyao waziwazi, lakini si Ndahani. Yeye alijisifu redioni kwamba halazi kwa mashine, analaza kwa moyo. Watu wakampenda kwa hilo, wakampa na tuzo ya uungwana. Kumbe chake alikivaa chini ya fulana, na aliyejua ni Atuganile peke yake.

"Kaka, utakuja kuaibika," Atuganile alimwambia siku moja akikikagua.

"Nani atanifunua fulana, dada?"

Siku ya fainali, wakiwa wameshapanga mstari, Ndahani hakusikia kifuani ule mtetemo mdogo aliouzoea. Kilaza kilikuwa kimezima. Angeweza kunyoosha mkono na kujitoa, lakini mafundi wangemvua koti kuangalia ana tatizo gani, na siri yote ingekuwa nje. Akaona bora aende.

Mzunguko wa tatu, Chilewa, rafiki yake na mdogo wake kikazi, akaanguka mbele yake. Ndahani akapita juu ya mguu wake.

Hakuna aliyemlaumu. Magazeti yaliandika kwamba mkono wa binadamu una mwisho wake. Madaktari wakamwotesha Chilewa mguu mpya wa kushoto, mguu mzuri tu wa kutembelea, ila haukuweza kuhisi udongo unavyokimbia chini ya soli. Bila hisia hiyo huwezi kukata kona. Kazi yake iliishia hapo, na alikuwa kijana bado.

Ndahani alikwenda hospitalini kumwona, na machungwa ambayo hakujua ayaweke wapi.

"Pole, mdogo wangu. Nilijaribu."

"Kaka, keti kwanza." Chilewa alijiegemeza kwenye mto. "Mimi nilikuwa chini, macho yamejaa vumbi. Sikukuona. Lakini injini yako niliisikia."

Ndahani akayashusha machungwa sakafuni.

"Mtu akiachia mafuta, mlio unashuka," Chilewa akaendelea taratibu. "Wako ulipanda. Ulivuta mafuta."

Ni kweli alivuta. Aliona pengo, akaona kombe, mkono wake mwenyewe, bila mashine, ukachagua. Aibu ilimpanda mwilini mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke. Akafungua vifungo vya shati, akauvua ule mkanda na kuuweka juu ya shuka.

Chilewa aliuangalia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Ndahani zaidi.

"Kwa hiyo wale wote uliowaokoa..."

"Ni hiki. Mimi sikumwokoa mtu."

"Waandishi nimewaambia ulijaribu."

"Nitawaambia mwenyewe. Leo hii."

Chilewa akaugusa mkanda kwa kidole. "Changu nilikivua mwaka jana. Nilikusikia redioni, nikasema na mimi nataka niwe mtu wa namna hiyo. Nimekifungia kabatini mpaka leo."

Ndahani akauliza, "Ukawahi kulaza? Kwa mkono wako?"

"Mara mbili."

"Ukaweza?"

"Niliweza, kaka. Mara ya pili aliyekuwa chini ulikuwa wewe."