Magadi Kwenye Udongo wa Mzee Gervas

Kila Jumamosi Felista alifuatana na baba yake hadi maabara ya chuo kikuu kuosha chupa. Baba yake, Profesa Alois, alifundisha kemia na alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi. Felista alijivunia hilo mno. Basi mwaka ule wa 1993 baba akamkaribisha na Shamsia, binti wa fundi wa maabara, aliyekuwa akisoma naye darasa la sita. Raha ikaishia hapo.

Huyo Shamsia, jamani, alikuwa na mikono mitulivu! Hamwagi, haharakishi. Profesa hakuchoka kumsifu: Shamsia hivi, Shamsia vile. Felista akaona wivu, akawa anajiuliza huyu baba ni wa nani hasa.

Jumamosi moja walipima udongo wa wakulima wa Mgeta. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wamesharuhusiwa kuuza mbolea, kila mmoja akisifia yake, na wakulima hawakujua washike lipi. Kipimo cha Profesa kilikuwa rahisi: unachuja maji ya udongo, unayachanganya na maji ya kabichi nyekundu. Yakiwa ya waridi, udongo una tindikali, unataka chokaa kwanza. Yakiwa ya kijani, hautaki. Jioni Profesa angerudia vipimo, na atakayekuwa amepima vizuri angekwenda Mgeta pamoja naye kuwaonyesha wakulima.

Shamsia alipotoka kidogo, Felista alitia kwenye chupa ya mwenzake magadi aliyoyabeba kutoka jikoni kwao. Shamsia aliporudi akachanganya, maji yakawa ya kijani. Alishangaa, lakini aliandika alichokiona.

Mchana alifika mwenye udongo, mzee Gervas. Profesa akamweleza kwamba shamba lake halihitaji chokaa. Mzee akashukuru sana, akasema kesho anapanda. Msimu uliopita alivuna viazi vidogo kama gololi, na watoto walilala njaa.

Felista alitaka Shamsia aaibike. Huyu mzee hakuwamo kabisa kwenye hesabu zake.

"Baba, usimwache aondoke," alisema. "Nimetia magadi kwenye chupa ya Shamsia."

Shamsia akachukua udongo mwingine, akapima upya. Maji yakawa ya waridi. Mzee Gervas akaambiwa atafute chokaa, akaondoka akitikisa kichwa. Shamsia naye akatoka nje, machozi yakimlengalenga.

Felista alingoja kuchapwa. Baba akavuta kiti, akakaa.

"Nilipokuwa mhadhiri kijana, mwenzangu Dominiko alinizidi kila kitu," alisema. "Siku moja nikaona mzani wake una hitilafu. Nikanyamaza. Matokeo yake yakakataliwa mbele za watu, akaacha kazi. Cheo hiki nilichonacho, wote walijua kitakuwa chake."

Felista hakuwahi kumwona baba yake akiinamisha kichwa.

"Ulimwomba radhi?"

"Niliahirisha mwaka hadi mwaka, nikiona haya. Nilipokwenda kwao, nilionyeshwa kaburi." Profesa akainua macho. "Wivu utakujia, mwanangu, hakuna asiyeujua. Lakini usiuache ukutume kazi. Ukishakosa, sema mapema, wakati uliyemkosea bado anaweza kukusikia. Shamsia yupo hapo nje. Nenda."

Felista alifuta mikono kwenye gauni lake, akaenda.