Siri ya Mwende Niliigeuza Mfano wa Darasani

Nina miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto wawili, naishi Kangemi na kazi yangu ni kuuza nguo za mitumba za watoto. Miezi hii yote siwezi kutulia mahali pamoja. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kitu cha kufagia. Mume wangu ameniambia nitaimaliza sakafu! Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia, wasomaji wenzangu... labda nikishayatoa hapa nitaweza kukaa.

Huyo dada nitakayemsimulia haitwi Mwende, na kazi yake si hiyo nitakayoitaja. Mtaelewa kwa nini nasisitiza.

Mimi ni mtu wa kuongea. Mteja akija kibandani kwangu kununua sweta, huondoka akijua habari za mtaa mzima. Kwa hivyo Sista Agnes, muuguzi wa zahanati yetu, aliposimama kanisani na kutangaza kwamba anatafuta kina mama waliowahi kunyonyesha, wafundishwe kuwasaidia wenzao waliojifungua, benchi zima liligeuka kunitazama. Nani mwingine?

Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Tulifundishwa kwa mwanasesere na titi lililofumwa kwa uzi wa sweta, tukacheka hadi machozi. Tulijifunza kumshika mtoto kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, kungoja apanue mdomo, kumleta titini badala ya kumfuata na titi. Lakini Sista alisema kazi yenyewe si ya mikono, ni ya masikio. Alitupanga wawili wawili, mmoja asimulie shida yake, mwenzake asikilize dakika tano bila kusema neno. Dakika tano! Mimi ya pili haikuisha kabla sijaanza kutoa ushauri.

Kila siku alirudia mambo mawili. Mama akikuambia jambo lake, halitoki kwako. Ila ukimsikia amekata tamaa, au anawaza kujidhuru au kumwacha mtoto, mwambie wazi kwamba utamjulisha Sista, kisha umjulishe siku hiyo hiyo, yeye peke yake. Niliyakariri yote mawili. Kukariri nilikariri!

Mama wa kwanza niliyepewa alikuwa Mwende. Miaka ishirini na minne, Mkamba, ameolewa Uthiru katika plot ya mama mkwe wake. Mumewe aliendesha lori la kwenda Malaba, nyumbani alionekana siku mbili kwa wiki. Mwende mwenyewe alifanya kazi River Road, kwenye duka la kuchapisha kadi za harusi, na wakati huo alikuwa likizo ya uzazi.

Mtoto alikuwa mvulana, Njoroge, jina la marehemu babu yake, kama Wakikuyu wanavyofanya kwa mwana wa kwanza. Nyanya yake, ambaye sote tulimwita Cucu, alimwita "bwana yangu". Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania kabisa. Ni kama mumewe alikuwa amerudishwa kwake akiwa ndani ya shali.

Nilimkuta Mwende chuchu zimepasuka, analia kila mtoto akishika. Nikamwonyesha, tukajaribu, tukajaribu tena... Siku ya tatu mtoto alinyonya mpaka akalala na mdomo wazi. Mwende alinikumbatia. Nilirudi Kangemi kichwa kimenivimba, mkinisamehe kusema hivyo. Nilijiona daktari.

Wiki ya sita, siku ambayo Cucu alikuwa ameenda mkutano wa kina mama kanisani, Mwende aliniuliza, "Mama Joy, nikikuambia kitu hutaambia mtu?"

"Sema tu," nikamjibu.

"Huyu mtoto ananyonya, anashiba, lakini mimi nikimwangalia sisikii kitu. Jana nilimlaza kwa kitanda nikatoka. Nikatembea mpaka steji. Gari ikasimama, nikaweka mguu moja ndani..." Alifuta mashavu. "Nikarudi nikikimbia."

Siku hiyo, nawaapia, nilisikiliza. Nilimshika mkono, sikusema neno. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu! Kisha nikamwambia itapita, akapumua kidogo, nikaondoka.

Sikumwambia Sista Agnes.

Kwa nini? Nimejiuliza hata nikichota maji. Ukweli ni kwamba Mwende alikuwa wangu. Nilijua Sista akisikia atamchukua, atampeleka kwa wenye ujuzi kuliko mimi, na mimi nitabaki na mwanasesere wangu. Nilikuwa na wivu na shida ya mtu! Mnaona mambo hayo?

Wiki mbili baadaye Sista aliniomba niende Westlands, kwenye ukumbi mmoja ambapo alikuwa akifundisha kundi jipya, wanawake kama thelathini kutoka mitaa mbalimbali. Aliniomba nizungumze kidogo juu ya safari yangu mwenyewe. "Yako," alisisitiza. Kisha akatoka kwenda kuwapokea walioleta chai.

Nikaanza na yangu. Jinsi nilivyomnyonyesha Joy nikiuza nguo, jinsi nilivyomwachisha... Mmoja akapiga miayo. Wawili walikuwa kwenye simu. Jamani, mimi kupigiwa miayo! Sikuvumilia. Nikasema, "Ngoja niwape mfano. Jina sitataja."

Jina kweli sikutaja. Nilitaja tu kwamba ni Mkamba aliyeolewa kwa Wakikuyu. Nilitaja tu lori la Malaba. Nilitaja tu kadi za harusi, mtoto aliyepewa jina la babu, na mguu mmoja ndani ya gari. Simu zikawekwa chini. Mama mmoja akatoa leso. Nilipomaliza walinipigia makofi, nami nikainama kama mtu anayepokea zawadi.

Safu ya tatu kulikuwa na mwanamke wa kilemba cha manjano ambaye hakupiga makofi. Niliona, nikafikiri ni wale wagumu. Kumbe alikuwa Muthoni, wifi yake Mwende, anayeishi Kinoo. Nilikuwa sijawahi kukutana naye.

Kesho yake mchana simu yangu ililia. Ilikuwa Mwende, sauti imekauka. "Mama Joy, uliambia nani?"

Na mimi, mwanamke mzima, mshirika wa kanisa, nikasema, "Sijaambia mtu."

"Ya steji nilikuambia wewe peke yako," akasema, akakata.

Nilikuja kujua baadaye yaliyotokea. Muthoni alikuwa ametoka Westlands moja kwa moja hadi kwa mama yake. Cucu hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwa Mwende, akamfunga mtoto kwa shali, akasema, "Siwezi kuachia bwana yangu mwanamke anataka kumtupa kwa steji." Akafunga nyumba, akaenda naye Kinoo kwa Muthoni. Mume alikuwa njiani, simu yake haishiki. Mwende akabaki uani na maziwa yakimvuja, kisha naye akaondoka. Simu yake ikazima.

Siku ile mimi nilijua tu kwamba Mwende amekata, na nikimpigia hapatikani. Nilikimbilia zahanati nikamweleza Sista kila kitu. Hakunigombeza, heri angenigombeza! Alisema tu, "Ungeniambia wiki mbili zilizopita." Akachukua mkoba wake tukatoka.

Mahali pa kusema nilikuwa nimenyamaza, na mahali pa kunyamaza nikasema.

Tukaanza kumtafuta. Uthiru, kufuli. Adams Arcade, kwenye saluni ya dada yake, hawajamwona. River Road, mwenye duka la kadi alisema mfanyakazi wake bado yuko likizo. Nilipanda ngazi za gesti, zile nyumba za wageni za River Road, moja baada ya nyingine, nikiuliza habari za msichana mwembamba wa sweta ya kijivu. Wahudumu walinitazama kama mke anayemfumania mumewe. Kila gari lililofunga breki kwa ghafla lilinifanya nigeuke. Je, kama ameweka miguu yote miwili ndani ya gari? Je, kama amejitupa mbele ya gari?

Siku ya pili, hivyo hivyo. Kibanda sikufungua. Usingizi hakuna, chakula hakipiti, nikikaa dakika moja naona uso wake... nainuka tena!

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilirudi kwenye lile duka la kadi. Nilipokuwa nikitoka, binti anayekunja kadi alinifuata mlangoni. "Ni wewe unatafuta Mwende? Ako hii gesti ya next, juu, room ya mwisho. Lakini hataki watu."

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mwende alikuwa ameinamia beseni, akijikamua maziwa kwa mkono, taratibu, kama nilivyokuwa nimemfundisha. Macho yalikuwa yamevimba. Hakuinua kichwa.

"Kila masaa matatu," alisema. "Ndio yasikauke. Njoroge akirudi ayapate."

Wasomaji wenzangu! Huyu ndiye mama niliyewatangazia watu thelathini kwamba hasikii kitu kwa mtoto wake!

Nilipiga magoti. Nikamwambia yote. Westlands, miayo, makofi, uongo wa kwenye simu. Yeye akaendelea kukamua. Alipomaliza alijifuta, akasema, "Njoroge ako Kinoo kwa Muthoni. Nenda uwaambie hivyo. Vile umeniambia."

Nikaenda Kinoo na Sista Agnes. Tulimkuta Cucu akizunguka sebuleni na mtoto begani. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa yamemharisha mtoto, sauti imemkauka kwa kulia. Cucu naye alikuwa amechoka. Nilisema yote mbele yake na mbele ya Muthoni, bila kujitetea. Sista akaeleza kwamba hali ya Mwende ni ugonjwa unaowapata kina mama wengi baada ya kujifungua, una matibabu, na kumnyang'anya mama mtoto si mojawapo. Kisha akauliza, "Huyu alirudi kwa mtoto akikimbia. Nyinyi mlisikia tu ile ya kwenda?"

Cucu alimhamishia mtoto bega la pili. Aliponiangalia nilitamani sakafu ifunguke. "Mimi nimechukua mtoto, na nitamrudisha," alisema. "Wewe umechukua aibu ya msichana wa watu ukaenda kupigiwa makofi nayo. Toka kwa hii nyumba."

Nikatoka. Nikiwa getini nilimwona akifunga shali, akimwambia Muthoni aite gari la kwenda River Road.

Sista aliniambia kwamba siku ya kwanza mtoto aligoma titi, akapiga mayowe kana kwamba hamjui mama yake. Siku ya pili jioni alishika. Mwende sasa anapata matibabu, na Cucu mwenyewe humsindikiza kliniki. Mimi nilirudisha mkoba wangu wa mafunzo, pamoja na mwanasesere.

Kabla ya kuandika haya nilimtumia ujumbe kumwomba ruhusa. Alijibu, "Andika, lakini useme ulichofanya wewe." Nimesema.

Nawasihi nyote mnaokwenda kwenye nyumba za wazazi, iwe kwa kanisa, kwa chama au kwa ujirani tu. Siri ya mama haifichiki kwa kuondoa jina. Ukiona ni nzito kuliko wewe, mpelekee mwenye ujuzi, yeye peke yake, na mama akijua. Na ukiona ulimi unakuwasha mbele ya watu, simulia yako hata wakipiga miayo. Acha wapige!

Wiki iliyopita nilikutana naye Adams Arcade, Njoroge mgongoni, mnono, amelala. Alisimama, akanisalimia kwa adabu. Nikamuuliza, "Mwende, uko aje?"

"Niko poa," akajibu upesi, akatabasamu, akaenda zake.

Mama huyu aliniambia mpaka ya steji... Tafadhali, wenzangu, msije mkaambiwa "niko poa" namna hiyo.