Mlango Uliouliza Habari

Kila asubuhi, kabla ya kupanda lifti ya anga, mafundi wa Bukoba walisalimiwa na mlango. Waliuita mlango-msikivu. Uliuliza, "Habari yako?" na mtu alipojibu ulipima mtetemo wa sauti yake, pumzi na mapigo ya moyo, kisha ukaamua kama anafaa kufanya kazi kilomita mia nne juu ya ziwa. Mgonjwa alirudishwa nyumbani. Mzima alifunguliwa.

Aliyeubuni ni mhandisi Kaijage. Mwanzoni aliufundisha kusalimu kama watu wanavyosalimiana: habari za nyumbani, za watoto, za usingizi. Foleni ikafika barabarani, wakubwa wakanuna. Basi Kaijage akafuta maswali yote, akabakisha moja, na wanaume wakafurahi kuliko wote. Alisahau jambo ambalo kwetu halihitaji kusomewa: mtu hujibu "nzuri" kwanza, hata kama ametoka mazikoni, halafu ndipo huanza kueleza yaliyomkuta. Na neno hilo tumelisema mara nyingi mno tangu utotoni, halitetemeki tena.

Byabato, fundi wa kuchomelea, rafiki wa Kaijage tangu chuo cha ufundi, alijiua mwezi wa tatu. Hakuacha barua. Msibani watu walimsifu kuwa alikuwa mcheshi, mwanaume kwelikweli, hakuwahi kulalamika. Kaijage alilia kwa uchungu, lakini alilia bafuni, bomba likiwa wazi. Tangu hapo usingizi ukamkimbia, na wazo la kumfuata rafiki yake likaanza kumzoea. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Ndipo siku moja alipofungua kumbukumbu za mlango. Alimsikia Byabato akisema, "Nzuri." Mlango ukafunguka, na sauti ile ikaendelea kwa chini: "Ila silali. Sijui nimwambie nani." Mlango ulikuwa umeyanasa maneno hayo bila kuyapima, maana kazi yake ilikwisha kwenye "nzuri". Kisha ikasikika sauti nyingine kutoka nyuma, ikicheka: "Sogea basi, Byabato, unatuchelewesha."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kaijage aliirudia mara tatu, akitumaini ni ya mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye foleni kama kawaida.

"Habari yako?" mlango ukauliza.

"Nzuri," mdomo wake ukajibu wenyewe.

Mlango ukafunguka. Hakuingia.

"Mhandisi, kulikoni?" aliuliza Rutabingwa, msimamizi wa mafundi, aliyekuwa nyuma yake.

Kaijage aligeuka. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. "Mimi si mzima, kaka."

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Rutabingwa hakuwajali. Alimshika mkono, akamvuta pembeni, na hakuuachia.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na usingizi?"

Kaijage alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. "Silali. Tangu tumzike Byabato. Naogopa kubaki peke yangu."

Rutabingwa naye alikuwa amembeba Byabato mpaka kaburini.

"Basi hutabaki," alisema. "Twende kwa daktari, mimi na wewe. Kazi itatungoja."

Wakashuka ngazi wameshikana mikono. Nyuma yao mlango ulikwisha kumwandika Kaijage kuwa ni mzima, ukamsalimu aliyefuata.