Aliyefukuzwa Pande Zote Mbili

Kwa jina la Aliyemwumba mwanadamu kwa udongo na jini kwa ulimi wa moto usio na moshi, kisha akaikita milima ili ardhi isiyumbe, nafungua kinywa. Asili ya habari hii ni mkunga aliyemzalisha mama nitakayemtaja. Mkunga alimsimulia ndugu yangu, na ndugu yangu akaniachia mimi. Chumvi sikuongeza.

Palikuwa na mlima mrefu uliozaliwa na moto, na moto wake ukazimika kabla ya kumbukumbu za watu. Mpaka wa nchi mbili ulipita begani mwake, na kila nchi ilidai kilele ni chake. Hapo begani vizuizi viwili vilitazamana, na kando ya kizuizi cha huku ilikuwapo nyumba ya mawe ya mlinzi, mkewe, na binti yao mchanga.

Asubuhi moja maji yalikataa kuchemka.

"Umetia kuni mbichi," alisema mlinzi.

"Mbichi? Hebu tia mkono humo."

Akautia. Ndimi za moto zilikuwa zikilamba masikio ya sufuria, na maji yalikuwa ya baridi kama ya kisimani. Jiko zima lilinuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Wakashinda na maharage magumu kama kokoto, wakigombana. Pasi ya mkaa ikapoa ingali na makaa mekundu. Kisha baridi ikahamia kwa mtoto.

"Mpokee," mama alinong'ona. "Mpokee uone mwenyewe."

Mlinzi alimpokea, akahisi amebeba jiwe la mtoni.

Akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole mwenye kikohozi. Alisoma, akapuliza, akaamuru: "Toka katika nchi hii!" Chini ya sakafu kikasikika kishindo cha kitu kizito kikiburutwa kuelekea kizuizini. Adhuhuri chai ilichemka, na mtoto akatoka jasho.

Kesho yake mlinzi wa upande wa pili, waliyemwita Koti kwa sababu hakulivua koti lake hata juani, alikuja kwenye kizuizi chake akipiga kelele.

"Jirani! Mmetutupia nini huku? Mke wangu anasonga ugali kwa maji ya barafu!"

"Kimevuka chenyewe."

"Bila hata kugongewa muhuri? Mimi bibi yangu akija kunisalimia mnamrudisha!"

Mganga wa kwao akalifukuza jini hilo, likarudi huku. Mwalimu akalifukuza; likarudi kule. Kila liliporudi, mtoto alipoa zaidi ya mara iliyotangulia, na mlinzi, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzuia visivyoruhusiwa kupita, alibaki kuupiga ngumi ufito wa kizuizi chake kwa hasira za bure.

Hatimaye mwalimu na mganga walisimama kila mmoja kwenye kizuizi chake, wakaliapisha kwa pamoja: lisikanyage tena ardhi ya huku wala ya huko. Kishindo kikakoma. Sufuria za pande zote mbili zikafoka. Koti akarusha kofia juu.

Hapo ndipo mtoto, asiye na hata jino moja, aliposema kwa sauti ya mawe yanayosagana, taratibu, kama mgeni aliyekwisha kuketi na kuridhika na kiti chake, huku ukungu ukishuka na harufu ya kiberiti ikimtoka kinywani na mama yake akikataa kumwachia: "Nimeapa nisikanyage kwenu wala kwao. Huyu miguu yake haijakanyaga popote. Nitakaa humu."

Mwalimu alikohoa, akalazimisha sauti. "Rudi kileleni ulikotoka!"

"Kilele ni cha nani?"

"Chetu," alisema mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama nyuma yao.

"Chetu!" Koti naye akadakia ng'ambo, kwa mazoea tu.

Mtoto akacheka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. "Basi sina ruhusa. Nimeapa."

"Nyamazeni!" mlinzi alifoka. "Nyamazeni nyote!" Akageukia kilele kilichofichwa na ukungu. "Si chetu. Nasema mimi, mlinzi wa mpaka huu. Si chetu!"

"Unajua unachokisema?" mkuu aliuliza. "Vua hayo magwanda."

Mlinzi alikuwa ameanza kufungua vifungo tayari. Akamviringisha mtoto ndani ya koti la kazi, akatazama ng'ambo. "Na wewe, jirani?"

Koti aliinamisha kichwa. Nyuma yake walisimama wakubwa wake.

"Jirani, mtoto wangu anakufa."

"Si chetu," alisema Koti, kwa sauti ya chini kabisa.

Ukungu ukapasuka njia, na kishindo kikapanda mlima, kikapanda, hata kikapotea.

Jua lilipoinama, mlinzi asiye na kazi tena aliteremka na mkewe na godoro lao kichwani. Mtoto alikuwa wa moto mgongoni mwa mama, akinyonya kidole. Katikati ya njia mama alisimama, akavua ndala, akabandika wayo ardhini.

"Baba, gusa hapa."

Ardhi ilikuwa vuguvugu.

Wakageuka. Kileleni, pasipowaka tangu enzi za mababu, moshi mwembamba ulipanda kama wa mtu anayewasha jiko lake. Mtoto akacheka, akainyoosha mikono yake midogo kuuelekea mlima, viganja wazi, kama aotaye moto.

Nanyi mliotega masikio, Mola awape moto wa kuwapikia, si wa kuwafuata, na watoto wenu wabaki na joto lao wenyewe. Amina.