Lutengano Anakula kwa Nani?

Gulio la bandari ya Mwaya, kando ya ziwa, lilikuwa limefurika siku hiyo. Wapagazi walipanda na kushuka na mizigo ya boma la Wadachi, akina mama wakinadi ndizi kwa sauti za kugombana, na Marita binti Raphaeli, Mkisi wa kabila la wafinyanzi na wavuvi, alikuwa amepanga vyungu vyake mchangani. Alijifunga kaniki mpya, na shingoni alivaa ushanga mwekundu ambao wenzake waliutamani. Vyungu vile havikuuzwa kwa heller, sarafu ya Mdachi. Mnunuzi alikijaza chungu kunde, mahindi au mpunga mpaka ukingoni, akamwachia mfinyanzi nafaka, yeye akaondoka na chungu.

Kijana mmoja mpagazi akasimama mbele yake. Shuka yake ya merikani ilikuwa imeloa jasho, mabega mekundu kwa kubeba.

"Ugonile, dada."

"Ndaga, kaka. Unanunua, au umekuja kunivunjia vyungu kwa macho?"

"Nataka chenye tumbo kubwa."

"Chukua hiki chenye mdomo mpana. Samaki anaingia mzima na mkia wake."

"Samaki sili."

Wanawake wa pembeni wakageuka. Marita akashika kiuno. "Basi cha nyama."

"Nyama nayo sili."

"Ee! Kaka, wewe unakula nini? Mchanga?"

"Njugu mawe, kunde, karanga, maziwa yakipatikana. Na leo, dada, nikiendelea kukutazama hivi, nitarudi nimeshiba."

Wanawake wakaangua kicheko, na Marita akajikuta anacheka nao. Ndivyo alivyomjua Lutengano wa Ikolo.

Baadaye, walipokwisha kuzoeana, alimweleza sababu. Mwaka ule ugonjwa wa sotoka ulipoua ng'ombe wote bondeni, watu walikula mizoga kwa njaa. Yeye na kaka yake mdogo walikula, wakaugua pamoja, na mdogo hakuamka. Tangu hapo kitu chochote chenye damu kilikataa kupita kooni kwake. Marita alimwonea huruma, na huruma ya msichana kwa kijana mzuri haikai muda mrefu ikiwa huruma tu. Alimfinyangia chungu cha zawadi, akakitia ukingoni mstari wa kucha zake, alama ambayo hakuitia katika chungu cha kuuza.

Tatizo lilikuwa baba. Mzee Raphaeli alikuwa mvuvi aliyehamia ufukwe wa Ikolo kutoka Ikombe, na kwake mtu asiyekula samaki alikuwa mgonjwa asiyejijua.

"Mkwe asiyekula samaki! Atakulinda kwa nguvu gani? Za majani?"

"Tata, anabeba mizigo kuliko wote pale bandarini."

"Kubeba si kupiga kafi. Haya, sikukuu ya Kaisari wa Wadachi inakuja, boma limeamuru mashindano ya mitumbwi. Nitamweka katika mtumbwi wangu. Akifika mwisho amekaa wima, mchukue. Akilegea, nakuoza kwa Hezroni, na sitaki kusikia kilio."

Hezroni alikuwa mpiga kafi wa mbele katika mtumbwi huo, mpenda samaki na mpenda sifa. Marita hakumtaka hata kwa dawa.

Mazoezi yakaanza. Asubuhi Lutengano alibeba mizigo, alasiri alipiga kafi mpaka jua lizame, akitoka majini anapita kwa Marita. Marita alimpikia ndizi. Alijua kupika samaki kwa namna zote zinazojulikana ziwani, lakini kwa mtu asiyekula samaki alijua ndizi tu, na majani ya maboga. Lutengano alikula, akashukuru "ndaga fijo", akaondoka.

Lakini kifua kilipanuka. Mikono ilijaa. Mgongo ukawa mgongo wa kutazamwa, na wasichana waliutazama. Wote walifurahi isipokuwa Marita, aliyelala akiwaza. Ndizi zangu na majani yangu, alijiambia, haziwezi kutengeneza kifua kile. Kuna mtu anamlisha. Anakula kwa nani?

Huko kwao swali hilo halikuwa dogo. Vijana walikula kwa makundi, wakizunguka nyumba za mama zao. Mwanamume aliyekula peke yake jikoni kwa mwanamke alikuwa amekwisha kusema alichotaka kusema, hata kama hajafungua mdomo.

Lisemwalo lipo. Marita aliuliza huku na huku akaambiwa: kwa Asajile. Asajile alikuwa mjane wa kaka mkubwa wa Lutengano, mwanamke mrefu mwenye macho ya upole na miguu iliyopambwa pete za shaba. Kwa mila, mjane hurithiwa na mdogo wa marehemu. Moto ukamwakia Marita moyoni. Akaenda, akachungulia uani, na pale juu ya mafiga, kikitokota bila haya, akakiona chungu chake chenye mstari wa kucha.

Alimngoja Lutengano njiani.

"Chungu changu kinafanya nini kwa mke wa kaka yako?"

"Kinapika, mpenzi."

"Usinichekeshe! Nimekupa wewe, si yeye!"

"Na chakula kilichomo nakula mimi, si yeye. Marita, ungetaka nikitie mtoni?"

"Mila inasema umrithi."

"Mila imesema. Mimi nimesema?"

"Hujakataa! Mwanamume anayekula jikoni kwa mwanamke kila siku, jibu lake watu wanaliona tumboni."

Lutengano akamshika mkono. "Unataka nifanye nini?"

"Ule kwa mkono wangu tu. Ukila kwake tena, usinijue."

"Haya. Kwa mkono wako tu."

Kijana yule alikuwa mtu wa neno lake, na hilo ndilo lililomponza. Chungu kilirudi, na Marita alilala usingizi mtamu kama mtoto aliyemnyang'anya mwenzake. Akapika ndizi za kuchemsha, ndizi za kuchoma, ndizi za kupondwa. Lutengano alikula mpaka tumbo likamvimba, na bado alipoinuka miguu ilitetemeka. Mabega yakaanza kuisha. Akawa wa kulala mapema na kuamka amechoka. Marita aliona, lakini wivu ulimziba mdomo. Angekiri vipi kwamba chakula cha yule kilimjenga mpenzi wake, na chake kinambomoa?

Hata alasiri moja, katikati ya mazoezi, kafi likamponyoka Lutengano mkononi likaelea. Hezroni alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

"Mpeni ndizi nyingine huyo!"

Mzee Raphaeli hakucheka. Alipanda ufukweni akampita binti yake bila kumtazama. "Hezroni ataleta wazee baada ya sikukuu," alisema. "Jiandae."

Kesho yake mchana Marita alikwenda kwa Asajile. Alivua ushanga kwanza, akauacha nyumbani. Hakutaka kuonekana amekwenda kushindana.

Asajile alikuwa akipepeta kunde. Hakusimama.

"Umekuja kunitukana, mdogo wangu? Kaa kwanza. Matusi ya kusimama yanachosha."

Marita akapiga magoti. "Nimekuja kuuliza ulikuwa unampikia nini."

Ungo ukasimama. "Kumbe ulichukua mwanamume, ukachukua na chungu, jiko ukaliacha."

"Nicheke, dada. Nastahili. Lakini anaisha."

"Najua anaisha. Nina macho." Asajile alitazama pembeni, kisha akaanza kueleza, polepole, kama anayetoa vitu vyake ndani ya nyumba kimoja kimoja. Njugu mawe ziloweke usiku kucha, la sivyo utachoma kuni bure. Zipike na mahindi, kwa maana kila kimoja kina kitu mwenzake hana. Kunde jioni, na wali. Mboga usimpe tupu, tia karanga za kutwanga, zisiwe za kuhesabu. Mbegu za maboga kaanga, mfungie katika jani atafune njiani. Mtindi kila upatapo. "Na usimngoje jioni. Mbeba mizigo hula asubuhi, akala mchana, akala tena akitoka majini. Ndizi zinawasha moto tumboni, Marita, lakini nyumba haijengwi kwa moto."

"Ndizi niache?"

"Mpe. Ila zisiende peke yake."

Marita aliinama. Kisha, kwa kuwa wivu haujui kuondoka vizuri, akauliza: "Ulikuwa unamtaka?"

"Nilimtaka," alisema Asajile. "Usijidhani mwendawazimu, uliona sawa. Nilikuwa nangoja aseme neno, huku nampikia, na kila nikimpakulia alinisimulia habari zako."

"Sasa kwa nini unanifundisha?"

"Nikikunyima ataanguka mtumbwini. Wewe utalia, yeye atalia, na bado hatakuja kwangu. Mimi nitakuwa nimepata nini?"

Akamfungia njugu mawe katika jani la mgomba, akarudi kwenye ungo wake.

Siku ya sikukuu ziwa lilikuwa na mawimbi. Ngoma zilipigwa, bendera ya boma ikapepea, mitumbwi ikaondoka kwa kishindo. Marita alikuwa amepika siku zote hizo kama alivyoelekezwa; Lutengano hakuwa amerudi mwili wote, lakini mikono ilikuwa imeamka. Nusu ya njia Hezroni, aliyeanza kwa mbwembwe, alianza kuhema. Karibu na ufukwe walipongoja watu akaweka kafi magotini, akainamisha kichwa. Mtumbwi wa kijiji cha Njisi ukatangulia. Lakini nyuma yake uliingia mtumbwi wa Raphaeli, ukiendeshwa na watu waliokuwa wamechoka na mmoja ambaye alikuwa bado anaimba.

Mzee Raphaeli alishuka, akamtazama Hezroni, akamtazama Lutengano aliyekaa wima.

"Njoo na wazee wako," alimwambia Lutengano. "Ila ukila na mimi, usiitazame sahani yangu kwa kinyaa. Samaki wangu hawana kosa."

Watu wakacheka. Lutengano akaja moja kwa moja mpaka alipo Marita, maji yakimchuruzika.

"Tata amekubali. Wewe je?"

"Utakula kwangu tu?"

"Mpaka meno yaniishe."

"Basi nimekubali, mume wangu," alisema Marita, na machozi yakamtoka mbele za watu wote.

Hapo ndipo alipomwona Asajile nyuma ya umati. Wanawake wote waliokuwa na mtu wao katika mtumbwi walikuwa wamekuja na chakula kichwani. Asajile alikuja mikono mitupu. Alisimama hivyo, mikono imening'inia, ili kila mwenye macho aone kwamba hana wa kumlisha pale.

Marita alielewa, na kwa mara ya kwanza kile kilichomchoma kifuani hakikuwa wivu. Alitaka kumwita, dada, njoo ukae nasi. Lakini Lutengano alikuwa na njaa, na watu walikuwa wanatazama jinsi atakavyolishwa. Akamnawisha mikono, akampakulia njugu mawe na mahindi, akamtilia karanga bila kuhesabu. Alipoinua macho kumtafuta Asajile, hakumwona tena.