Pini ya Kitambaa Chekundu

Rafiki yangu Anatole hanywi pombe, ndiyo maana namwamini. Mwaka 1997 alikuwa anapeleka mawese mjini Baraka. Mvua kubwa ikamkuta karibu na Lubondja, pale ilipoangukia ndege ya vita. Akajikinga kwenye kiti cha rubani, akavuta kioo cha kufunikia juu yake.

Chini ya kiti kile kulikuwa na baruti ya kumrusha rubani nje. Siku ya ajali haikulipuka, rubani akafia humo. Askari walipomtoa, walichomeka pini yenye kitambaa chekundu kwenye tundu nyuma ya kiti ili baruti isilipuke, wakaonya watu: ikitoka tu, kiti kinaweza kuruka wakati wowote. Na kioo kikiwa kimefungwa, kichwa ndicho kitakivunja.

Anatole alipotaka kutoka, kioo kikagoma. Akakisukuma kwa mikono miwili. Katika giza la mvua, nyuma ya shingo yake, akasikia chuma kikivutwa polepole: krrr, krrr. Akapapasa. Tundu la pini lilikuwa tupu.

Alikaa bila kutikisika mpaka Mama Godelieve, aliyetoka shambani, akavunja kioo kwa jembe.

"Baba Anatole, hii kitu iko yako? Nimeikuta huku inje, juu ya kioo."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Kitambaa cha ile pini mkononi mwake kilikuwa kikavu.